Namna ya Kumpeleka Mwanafunzi Kongamanoni Asisikike

Mhadhiri wa tiba kazi, hongera: mada yenu imekubaliwa. Mwanafunzi wako ndiye aliyezunguka vijijini akiwatengenezea viti watoto wenye mtindio wa ubongo, kwa maboksi yaliyotupwa na gundi ya unga. Sasa anataka kuyaeleza mwenyewe. Usihofu, hilo linazuilika.

1. Panga majina. Lake liwe la nne, nyuma ya lako, la mkuu wa idara na la aliyewaazima gari.

2. Fungua wewe. Mmepewa dakika 10. Omba kusema "mawili matatu tu", kisha tumia 6 kueleza kuwa Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba Kazi liliundwa 1952, na kongamano lake likakanyaga Afrika kwa mara ya kwanza 2018, Cape Town. Ukumbi mzima unayajua hayo. Ndiyo maana utaitikia kwa vichwa.

3. Shika rimoti. Mwanafunzi akianza, sogeza slaidi kabla hajamaliza sentensi. Mkono ukimtetemeka, mpokonye kipaza sauti kwa upendo. Ni kweli darasani ulimfundisha kwamba mgonjwa wa kiharusi anayehangaika na kifungo cha shati hafungiwi. Anapewa muda, na msaada pale tu anapokwama. Lakini yale yalikuwa mambo ya shati.

4. Gawa maswali. Hakosekani mgeni wa fani nyingine wa kuuliza: "Tiba kazi ndiyo mnawatafutia wagonjwa ajira?" Hilo mwachie mwanafunzi. Atajibu kwamba kazi ni kuoga, kuvaa, kupika, kucheza, yote yanayoijaza siku ya mtu. Makofi yakianza, kohoa: "Nyongeza kidogo…"

5. Jihadhari na mapumziko ya chai. Kile kiti alichokipakata kwenye basi usiku kucha kiko pale mezani, na watu watakuuliza gundi ilipikwa nzito kiasi gani, tabaka ngapi, kilianikwa siku ngapi. Hapo huna budi kumwita. Ataeleza huku akikigeuzageuza, na mikono haitetemeki hata kidogo.

Angekuwa mgonjwa, kwenye faili lake ungeandika: "Anajimudu, hahitaji msaada." Kwenye ripoti ya safari andika: "Niliambatana na mwanafunzi mmoja."