Fundi wa Kuchoma

Hapa Bumula kuchoma hakutushindi: mahindi, viazi vitamu, hata kuku. Lakini fundi wetu wa saiba, kwa wiki tatu, alikuwa bado anachagua programu ya kuchomea diski ya Linux. K3b eti ina vitufe vingi, Brasero vichache mno, ImgBurn ni ya Windows, mfumo uleule anaoukimbia. Jana akachoma. Faili la ISO alilitia kwenye diski lilivyo, kama kuku aliyewekwa jikoni na manyoya yake. Kompyuta ikawaka, Windows ikafunguka kama kawaida. Ndugu yangu, ISO huchomwa kama taswira, si kama faili. Tena ukitaka Ubuntu, ile ya siku hizi inapita GB 5, na DVD yako ni ya GB 4.7. Nunua flashi.