Mchanga wa Mwalimu

Luhwindja, kwetu milimani Kivu ya Kusini nchini Kongo, haikosi maji. Mvua inafika kazini kwa bidii kuliko watumishi wengi wa serikali, chemchemi ziko karibu kila bonde, na ukungu wa asubuhi peke yake unatosha kulowesha shuka ulizosahau kuanua. Tunachokosa ni maji ambayo ukiyatia kwenye glasi unaona chini yake. Milima yetu ina dhahabu, na palipo na dhahabu watu huosha mchanga. Wakiuosha huko juu, sisi wa bondeni tunaletewa mto wenye rangi ya chai ya maziwa. Hata mgodi mkubwa wa Twangiza ulipoanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2012, wachimbaji wa mikono hawakuweka sururu chini.

Kwa hiyo nyumbani tulikuwa na chujio la ndoo mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ina mishumaa miwili ya udongo wa kauri, ya chini ina robine. Ni kifaa chema, kinachuja polepole kama kinachofikiria kila tone. Ubaya wake ni mshumaa. Unachakaa, unaziba, na wa kubadilisha sharti ukautafute Bukavu, sokoni Kadutu, halafu uurudishe salama. Barabara ya kupitia Walungu haipendi kauri. Mshumaa wa mwisho niliupakata juu ya pikipiki kama mtoto mchanga, nimeufunga kwa koti, na tulipofika nikafungua koti nikapata vipande. Hata ungekuwa na ufa mwembamba tu usingefaa, maana vijidudu havihitaji mlango mpana.

Hapo ndipo shemeji alipoingia. Kaka wa mke wangu hana kazi ya uhasibu mahali popote, na kwa sababu hiyo ana muda wa kukagua hesabu za kila nyumba. Alianza na mshumaa mzima uliobaki. Umeziba? Akausugua kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka ukawa mwembamba kama kidole cha mwanafunzi aliyekosa chakula. Maji yakaanza kutoka kwa kasi ya ajabu, naye akafurahi sana. Nilimweleza kwamba kazi ya mshumaa ni kuyachelewesha maji. Akasema tatizo la walimu ni kupenda kuchelewesha mambo.

Baadaye akasikia redioni habari za Bangladesh. Ni habari ya kweli: utafiti uliochapishwa mwaka 2003, ukiongozwa na mwanasayansi Rita Colwell wa Marekani, ulionyesha kwamba wanawake wa vijijini waliochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa walipunguza kipindupindu karibu kwa nusu. Vijidudu vyake hujishikiza kwa wadudu wadogo wa majini, na wadudu hao hunaswa na kitambaa. Tena sari kuukuu inashinda mpya, kwa kuwa nyuzi zake zimelegea na kuziba matundu. Shemeji alichohifadhi kichwani ni neno kitambaa. Mke wangu aliporudi kutoka misa akakuta kitenge chake cha sherehe, ambacho hakikuwa kikuukuu hata kidogo, kimekunjwa juu ya mdomo wa bidoni. Siku ile maji yalitoka yana rangi ya kitenge, na shemeji hakukaribishwa chakula.

Akarudi na chupa za plastiki. Ukizijaza maji maangavu na kuzilaza juani kwa muda wa saa 6, mionzi inaua vijidudu. Penye mawingu unahitaji siku 2. Bati letu lilijaa chupa. Mawingu ya Luhwindja hayajui kuhesabu mpaka 2. Jirani mmoja aliziona, akaamini tumeanza kuuza kasiksi, pombe ya ndizi, ya kichupa, akatuma mtoto aulize bei.

Nikaona sasa inatosha. Nikaitisha kikao cha familia, na kama mwalimu wa historia nikatoa mfano wa Hamburg. Sisi wa Kivu hatuhitaji kuhadithiwa kipindupindu, ila nilitaka waone kwamba hata wazungu walikipata kwa ubahili. Mwaka 1892 kiliingia katika bandari hiyo ya Ujerumani kikaua watu zaidi ya 8,000. Wakubwa wa mji walikuwa wameahirisha miaka na miaka kujenga machujio, wakibishana juu ya gharama, na maji ya mto Elbe yakawa yanafika mabombani jinsi yalivyo. Jirani yao Altona, mji uliopakana nao, ulichota mto uleule, tena upande wa chini, baada ya Hamburg kumwaga uchafu wake. Lakini Altona walichuja. Palikuwa na mtaa mpakani ambapo upande mmoja watu waliugua na ng’ambo ya barabara wakabaki wazima, kwa sababu ya bomba tu. Nikanyamaza kidogo ili somo lizame, kama ninavyofanya darasani.

“Shemeji,” akaniuliza, “hao wa Altona walichuja na nini?”

“Mchanga.”

“Mchanga,” akarudia, akiwatazama wote mmoja mmoja. “Na sisi tunapanda pikipiki kwenda kununua mishumaa.”

Kikao kikaamua kwa kauli moja, yangu ikiwa haijahesabiwa. Na kusema haki, hakuwa amekosea sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alibuni chujio la aina hiyo linaloenea nyumbani: sanduku refu, kokoto chini, mchanga laini juu, na bomba linalopanda kutoka kitakoni hadi juu kidogo ya mchanga ili daima maji ya kina cha sentimeta 5 hivi yabaki yametulia pale. Juu ya mchanga huota utando wa viumbe hai wadogo ambao hula vijidudu vya maradhi. Hakuna mshumaa, hakuna cha kubadilisha. Linadumu miaka.

Mchanga wenyewe ndio ulioleta kisa. Wa mtoni haufai, una uchafu wa watu na mifugo, na kwetu unaweza kuwa na zebaki ya waosha dhahabu, kitu ambacho chujio hilo haliwezi kukiondoa. Kinachopendekezwa ni mwamba uliovunjwa na kuchekechwa. Basi Luhwindja nani anavunja mwamba? Nikawaendea akina mama watwangaji, wale wanaoshinda wakiponda mawe ya wachimbaji kwa nyundo na vinu, nikaomba wanitwangie mawe.

“Ya shimo gani, Mwalimu?”

“Ya popote. Ya kando ya njia. Nataka mawe yasiyo na kitu ndani.”

Wakatazamana. Wanawake hawa wametwanga maisha yao yote wakitafuta kilichomo ndani ya jiwe, na leo mtu mzima mwenye kalamu mfukoni anatoa pesa apewe jiwe lisilo na kitu. Mmoja akacheka taratibu, akasema: “Walimu wamesoma.” Bei ikapanda palepale.

Kisha mchanga ule sharti uoshwe, tena na tena, mpaka vumbi liishe. Nikachuchumaa kando ya kijito na beseni na chekecheke, nikizungusha maji. Popote pengine duniani, mtu anayefanya hivyo anaosha mchanga. Kwetu hakuna aliyewahi kuzungusha beseni kwa sababu ya kiu. Kabla ya saa sita nilikuwa na watazamaji. Vijana wawili wakakaa chini yangu mtoni na zulia lao la kunasia dhahabu, wakipokea tope nililomwaga na kuliosha upya. Nikawaambia hamna kitu. Wakaniitikia kwa heshima, “Ndiyo, Mwalimu,” na hawakuondoka. Akaja mnunuzi na mizani yake ndogo, akaketi juu ya jiwe, akaniambia hana haraka. Akaja mtu mwenye daftari na muhuri, akauliza kama nina karatasi ya kuchimba. Nikamweleza habari za Altona. Akaandika “Altona” katika nafasi ya jina la shimo, akanidai ada.

Usiku ule sehemu ya mchanga wangu ilitoweka. Namhurumia aliyeuchukua, lazima aliuosha hadi alfajiri. Nilirudi kwa watwangaji kununua mwingine, na jambo hilo likawathibitishia watu wote kwamba wa kwanza ulilipa.

Chujio likajazwa hatimaye, na utando ukaanza kuota. Unaweza kuchukua mwezi kukomaa, na muda huo wote tuliendelea kuchemsha maji. Katika mwinuko wetu maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, na hata hivyo vijidudu vinakufa. Makaa peke yake ndiyo hayatoi punguzo kwa sababu ya mlima. Shemeji alikuwa akipita kila jioni, anafunua kifuniko, anachungulia, anatikisa kichwa kama daktari.

Mwezi ulikuwa unakaribia kuisha mama mkwe alipokuja kutusalimia kutoka Burhinyi. Ni mwanamke msafi kupita kiasi. Sisi tukiwa shambani, akafunua sanduku akakuta juu ya mchanga ute wa rangi ya kahawia. Akafikiri binti yake ameolewa na watu wasiojua ufagio. Akachota ute wote, akausugua mchanga kwa sabuni ya kipande, akausuuza mara kadhaa, akaurudisha ukiwa unang’aa. Tuliporudi akanionyesha kwa mkono, akisubiri. Mkwe haambiwi amekosea. Nikainama, nikasema: “Aksanti sana, Mama. Mungu akubariki.” Mke wangu alitoka nje akacheka nyuma ya jiko.

Tukaanza tena mwezi wetu, na gunia jingine la makaa.

Shemeji akaja Jumapili na daftari. Alikuwa amepiga hesabu ya mishumaa yote ambayo hatukununua tangu kikao kile, nauli za Bukavu ambazo hatukulipa, na ile mishumaa ambayo ingevunjika njiani kama tungeinunua. Jumla ilikuwa nzuri kwa kweli. Mimi mwenyewe sikujua kwamba nina pesa kiasi hicho. Chini yake alikuwa amepiga mstari mara mbili, na kwa kuwa wazo lilikuwa lake, akaomba nusu.

Mke wangu akamwambia atamlipa utando ukikomaa.