Sifa za Shakwe, Mwizi wa Chipsi

Kaskazini mwa England kila kiumbe ana wakili wake. Wordsworth aliyaona maua ya manjano kandokando ya ziwa Ullswater mwaka 1802, akayatungia shairi, na wageni wangali wanakwenda kuyatafuta. Beatrix Potter alimvisha sungura wa hadithi zake koti la buluu, akapata fedha za kununua mashamba ya milimani, ambayo alipofariki mwaka 1943 aliyaacha mikononi mwa shirika la National Trust. Bram Stoker alikwenda kupumzika Whitby mwaka 1890. Miaka saba baadaye, katika riwaya yake, Dracula akashuka katika bandari hiyohiyo. Hata mnyonya damu, basi, ana wa kumsemea. Shakwe peke yake ameambulia mabango ya kuwakataza watu wasimlishe. Leo nasimama upande wake.

Nianze na nasaba, maana usipojua ukoo wa mtu ni rahisi kumwita mhuni. Ninayemsifu ni yule shakwe mkubwa mwenye mgongo wa kijivu, miguu ya waridi, na mdomo wa manjano uliotiwa doa jekundu upande wa chini. Akikunjua mabawa anakaribia mita moja na nusu. Doa lile si urembo. Kinda hulidonoa, na papo hapo mzazi humtapikia chakula. Mwanasayansi Niko Tinbergen alitengeneza vichwa vya bandia akawaonyesha makinda, apate kujua kinachowavuta hasa ni nini. Kwa kazi za namna hiyo akapata fungu lake la Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Wezi wangapi mnawajua waliompeleka mtu Stockholm?

Na ni mjuzi wa mambo. Maji ya bahari anayanywa bila kudhurika, kwa kuwa tezi zilizo juu ya macho huitoa chumvi ikadondoka kwenye ncha ya mdomo. Akitua penye nyasi hukanyagakanyaga kwa miguu yote miwili, chapchap, mpaka minyoo ijitokeze yenyewe. Shamba hana, na mvuvi hajawahi kumwajiri, ila hajalala njaa.

Usafi nao ni wa ukoo mzima. Huko Ravenglass, kijiji cha pwani kilichomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Lake District, Tinbergen alimchunguza binamu mdogo wa ndege wetu, shakwe wa kichwa cha kahawia. Alitaka kujua kwa nini ndege huyo, mayai yakishaanguliwa, huyabeba maganda na kwenda kuyatupa mbali. Jibu likawa kwamba weupe wa ndani ya ganda huwaonyesha kunguru mahali yalipo makinda. Mimi na familia yangu tulipita Ravenglass kupanda garimoshi dogo la kwenda Eskdale, njia iliyofunguliwa mwaka 1875, na abiria walioshuka kabla yetu walikuwa wametuachia maganda ya ndizi kwenye viti. Nani hapo alilelewa vizuri?

Nije kwenye shtaka lenyewe. Tuliketi gatini Whitby, kila mmoja na boksi lake la samaki na chipsi. Shemeji alikuwa ameinua simu apige picha magofu ya abasia yaliyo kilimani ng'ambo ya mto, na mkono wa pili umeshika kipande cha samaki. Hakusikia kitu. Bawa lilimpita sikioni kutokea nyuma, na vidole vikabaki vimejipinda vilevile, vimeshika hewa, gumba limelowa siki na kunatwa na kipande cha ukoko. Watoto walicheka mpaka wakapaliwa. Bibi yao, mzaliwa wa Tanga, hakucheka wala hakuibiwa. Alikuwa amelifunika boksi lake kwa pindo la kanga, na macho kayakaza kwa shakwe mwingine aliyekuwa juu ya nguzo.

"Baba," akamwambia shemeji, "huyu si mgeni kwetu. Huyu ni kunguru aliyevaa kanzu."

Bibi hajasoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter uliotoka mwaka 2019. Watafiti walikwenda Cornwall, kusini kabisa, wakaweka mfuko wa chipsi chini. Mara wakimtazama shakwe, mara wakigeuza uso. Akitazamwa, alichelewa kuusogelea kwa wastani wa sekunde 21 zaidi. Tena, kati ya shakwe 74 waliojaribiwa, ni 27 tu waliothubutu kuukaribia. Wengine ama waliruka zao ama walikaa mbali. Nionyesheni harusi ambayo wasioalikwa wana staha kiasi hicho mbele ya pilau.

Wapo wanaolalamika kwamba anapiga kelele alfajiri juu ya mapaa. Mwezi Juni jua la Whitby linachomoza yapata saa kumi na nusu. Bila yeye mtalii gani angeliona? Wapo wanaosema wamezidi mno. Hawa hawajui kwamba tangu mwaka 2009 yumo katika orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza wanaopungua, na kwamba sheria ya mwaka 1981 inamlinda yeye, kiota chake na mayai yake. Amehamia mjini kwa sababu kwenye paa mbweha hafiki.

Lakini sifa yake kuu ni nyingine. Safari ya familia ni kazi ya kutazama, na watazamaji ndio tunaokosekana. Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote England, una mita 978, na ulisimama pale mchana kutwa bila kumwinua mtoto hata mmoja kichwa kutoka kwenye simu. Windermere, ziwa refu kuliko yote nchini humo, lina kilomita 17. Tulilipita kwa boti, wanangu wakishindana kwenye mchezo wa magari. Kisha shakwe wawili watatu wakaanza kutufuata nyuma ya boti, na mwanangu mkubwa akawa ametoa biskuti. Simu zikaingia mfukoni, shingo zikanyooka, na hapo ndipo mmoja wao akauliza ule mlima kule unaitwaje.

Maegesho tulilipia, boti tulilipia, garimoshi tulilipia. Pwani haina mlango wala tiketi, na mlinzi wake hajaajiriwa na mtu, kwa hiyo anajilipa mwenyewe. Ukifika Whitby, egemeza mgongo ukutani, macho juu, ule upesi. Ukizubaa akakutoza, usipige kelele: umeonyeshwa ndege aliyempa mtu Nobel kwa bei ya kipande cha samaki, na wanao wamemtazama.