Bakora Kutoka Hewani

Kidole gumba bado kimefungwa plasta, na katika shule moja nje kidogo ya mji wa Migori naitwa mwalimu wa zamu. Juzi nilisimama mbele ya gwaride la wanafunzi kuwaonyesha mazingaombwe, nikapunga kitambaa chekundu, nikafyatua bakora ya chuma. Chwaa! Mita nzima ya fimbo, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nikangoja makofi.

Gredi ya tatu yote ikashika makalio.

Mstari wa mbele ulitimua mbio, mmoja akaacha kiatu. Mwingine alipiga magoti akaungama kwamba ni yeye aliyekula chaki. Huko nyuma wakubwa wakapaza sauti: "Jajuok!" Mchawi, kwa Kijaluo.

Na bakora yenyewe ilifanya kazi yake sawasawa! Ni ukanda mwembamba wa chuma cha springi, umezungushwa mara nyingi kisha ukaminywa hadi ukatosha kiganjani, kishikizo kidogo kikiuzuia. Ukikiachia, kila mzunguko huchomoka kutoka ndani ya mwenzake, hadi fimbo isimame. Bakora ya kupotea huundwa kinyume: hamu yake ni kujikunja, nawe unailazimisha kunyooka mpaka utakapoiachia. Maajabu matupu. Ila kingo hukata, na usithubutu kuielekeza usoni mwa mtu. Ya plastiki, kama zile alizotengeneza na kuuza mwanamazingaombwe Mwajentina Fantasio, ni nyepesi, haina makali wala kelele; lakini hutoka kivivu, na ikikaa imeminywa muda mrefu husahau umbo lake.

Homa Bay, harusini, ya plastiki iliyoshinda juani garini ilitoka imepinda. Bwana harusi akaomba apewe babu yake. Ya kupotea ilikataa kupotea.

Viboko katika shule za Kenya vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia. Watoto wale wa Migori walizaliwa baadaye kabisa. Basi nani aliyewafundisha kushika makalio kwa mpigo mmoja, bila kuamriwa? Mimi hufanya mazoezi mbele ya kioo hadi mkono ufe ganzi, na ni wazi wao wamefanya zaidi.

Nikikusanya vyombo vyangu, mwalimu mmoja alinisogelea, akaipapasa ile ya chuma, akaniuliza kwa sauti ya chini inauzwa pesa ngapi. Alichopenda ni kwamba inatosha mfukoni, maana siku hizi, alisema, maafisa wa elimu huja bila taarifa.