Pedeli ya Kushoto Haina Adabu

Marehemu baba mkwe wangu hakuacha shamba la kugombewa. Aliacha Phoenix, baiskeli nyeusi ya Shanghai, iliyombebea nazi na mpunga kwenye vijia vya delta mpaka magoti yakamkataa. Ikawekwa barazani, katika nyumba ambayo kila bamvua kubwa maji ya chumvi hufika kizingitini, na chumvi ikaifanya ilivyotaka. Mama mkwe alipohamia kwetu Kibiti alikuja nayo: mashua hadi Nyamisati, kisha juu ya gari la abiria, utingo akidai nauli ya mtu mzima.

Pedeli zilikuwa zimekufa. Raba zimekwisha, gololi zimemwagika, ya kushoto imebaki shina tupu. Baba Watoto akanunua jozi mpya, akatangaza mbele ya mama yake kwamba baada ya alasiri mjukuu atakuwa anaendesha. Kumpelekea fundi hakutaka hata kusikia. Mume wangu hajawahi kumlipa mtu kwa kazi ya kufungua nati.

Ya kulia ilileta ubishi kidogo, ikatoka. Hiyo ndiyo iliyotuponza, maana ilimvimbisha kichwa. Akahamia kushoto, akazungusha spana upande uleule anaozungushia kila nati. Kimya. Akaongeza nguvu. Spana malaya ikateleza, ikamchuna vidole na kuzila kona za shina. Shemeji akaitwa aje kushikilia kranki. Kipande cha bomba kikachomekwa kwenye mpini wa spana kuongeza urefu, wakaning'inia wote wawili, baiskeli ikaanguka nao.

"Wajerumani walifungua mizinga kumi ya manowari humuhumu Rufiji," mume wangu akasema, anajipangusa vumbi. "Mimi nishindwe na pedeli?"

Mizinga ilifunguliwa kweli. Manowari yao Königsberg ilipozamishwa deltani Julai 1915, yote kumi ilitolewa ikaenda kupigana nchi kavu. Ila sidhani kama waliifungua kwa mafuta ya taa ya mke wa mtu. Yangu yaliishia kwenye kranki. Yalipokwisha yakafuata mafuta ya nazi, ambayo faida yake kwenye kutu mpaka leo sijaiona. Ukafuata mchi wangu wa kinu, wa kugongea. Magharibi wakakumbuka kwamba chuma kikipata moto hutanuka: sufuria yangu ya kunde ikateremshwa, jiko la mkaa likasogezwa chini ya kranki. Wazo lenyewe si baya, mafundi hulifanya. Lakini grisi ya miaka ile ilitoa moshi mzito, jirani akaja kuuliza kama tunachoma tairi, na kunde zikaliwa zikiwa ngumu.

Muda wote huo mama mkwe alikuwa mkekani anasuka ukili. Nikagundua anautazama mkono wa mwanawe, baiskeli haitazami kabisa. Nikamsogelea.

"Mama, baba alikuwa akiifunguaje hii?"

"Mwanangu hajaniuliza."

"Basi nimekuuliza mimi, mama."

Akaweka ukili chini. "Spana isimamishe, mpini uangalie juu. Halafu vuta uje kwenye keria. Kulia vuta kwenye keria, kushoto vuta kwenye keria. Nani amewaambia mtu anavuta kwenye taa?"

Hapo ndipo jioni yetu yote ilipoeleweka. Nyuzi za pedeli ya kushoto zimechongwa kinyume, na kwa sababu ya maana. Uzito wa mguu husukuma chini wakati wote huku kranki inazunguka, na msukumo huo hulisogeza shina ndani ya tundu lake kidogo kidogo. Kulia, nyuzi za kawaida zinazidi kukaza. Kushoto zingefunguka njiani, ukabaki na mguu hewani. Wilbur na Orville Wright, walipokuwa bado mafundi baiskeli mjini Dayton, Marekani, miaka mitatu kabla ya kurusha ndege yao mwaka 1903, walikuwa tayari wakitangaza pedeli za namna hiyo. Kwa hiyo Baba Watoto, shemeji, bomba na mchi wangu walikuwa wameshinda wakiikaza.

Asubuhi ilibidi shemeji azipige tupa zile kona zilizoliwa ili spana ishike, na spana yenyewe, namba 15, tukaazima kwa fundi wa kona kwa bei ileile ambayo angefungulia pedeli zote mbili. Mpini juu, ukavutwa kwenye keria. Chuma kikapiga ukelele mmoja, unga mwekundu ukadondoka mchangani, shina likaanza kutoka. Nyuzi zilikuwa bado zinang'aa kule ndani, zimelala upande usiozoeleka.

Baba Watoto akamwita mtoto, akamweleza habari za nyuzi za kushoto kirefu na kwa vitendo, utadhani alizitunga yeye. Mimi nikaenda kuusugua mchi. Kisha akafungua pakiti ya pedeli mpya, moja imeandikwa L, nyingine R, akachukua ya R na kuinama upande wa kushoto.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, ukili mkononi.

Akaibadilisha.