Farasi 215 Nyuma ya Bajaji

Nina farasi 215 chini ya boneti, na kwa muda mrefu zaidi ya nusu yao walikuwa hawajawahi kuvuka Kibaha wakiwa kazini. Walilala tu humo ndani, wakinywa petroli na kungoja siku watakayoitwa. Gari lenyewe ni Toyota Crown Athlete, lile umbo lililoingia sokoni Japani mwishoni mwa 2003: injini ya V6, lita 2.5, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Namba D. Kwa mtu anayejua magari, maelezo hayo yanatosha kumfanya anisalimie upya. Kwa wasiojua, nao ndio ninaoishi nao nyumba moja, hilo ni gari jeusi linalokula mafuta.

Asubuhi nikitoka Goba kwenda mjini, mbele yangu hakukosi bajaji. Abiria watatu na ndoo ya samaki, inakwepa mashimo kwa madaha, nami nyuma yake nimeshika usukani wa ngozi, mshale wa spidi uko kwenye 15. Kipimo chenyewe kinaishia 180, kwa sababu magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani hufungiwa kasi hapo. Vijana wa gereji wananishauri nimlipe mtaalamu aitoe hiyo kufuli. Huwa nawaambia kufuli yangu ina magurudumu matatu.

Japani polisi wamelitumia Crown kwa doria za barabara kuu, kuwakimbiza wenye haraka. Huku kwetu mwenye IST na mwenye Crown wanafika kazini dakika ileile, wamelowa jasho lilelile. Tofauti ni kwamba mimi nimefika nikijua ningeweza. Raha ya gari la namna hii iko hapo hapo: nguvu usiyoitumia, lakini unajua ipo. Jumapili naliosha mwenyewe, simwachii mtu. Kisha nafungua boneti, naliwasha, nasimama kusikiliza. Injini hii hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na nozeli zake zikifanya kazi hutoa kasauti ka ti-ti-ti. Mimi kasauti hako kananituliza. Jirani yangu alichungulia ukutani akanipa pole, akanipa na namba ya fundi wake.

Humo ndani anaishi dada wa Kijapani. Kila gari linapowashwa hunena kwa upole kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. Hiyo ni kadi ya kulipia barabara za kasi za Japani bila kusimama getini. Geti la namna hiyo halipo kati ya Goba na Mbezi, ila dada hakati tamaa. Watoto wameshamkariri, humalizia sentensi kabla yake.

Sasa mama mkwe akaja kutoka Iringa. Nilimpokea stendi ya Magufuli, nikamfungulia mlango wa mbele kwa adabu zote, nikawasha gari. Dada akasema yake.

“Marahaba, mwanangu,” mama akaitikia.

Akatulia kidogo. Kisha akageuka taratibu, akatazama kiti cha nyuma, akamkuta mke wangu na watoto tu.

“Baba, huyu binti aliyenisalimia yuko wapi?”

Mke wangu, mtu ambaye kwa kawaida hukueleza hata usichouliza, siku hiyo aliamua kutazama nje. Nikaeleza habari za ETC, za barabara za Japani na za kadi, mpaka tunaingia getini kwetu. Mama alisikiliza yote. “Sawa,” akasema. “Lakini ana adabu.” Tangu hapo ikawa kila asubuhi akisikia naliwasha gari uani, humuuliza mwanawe kama yule binti ameamka salama.

Kilichomshinda ni kiti. Crown liko chini, na nilikuwa nimeshalishusha kidogo zaidi kwa ajili ya muonekano. Ilibidi nimvute mikono miwili, huku watoto wakisukuma kwa nyuma. Alipopata pumzi akanishika bega: “Baba, magari ya wenzako watu wanapanda. Hili lako mtu anashuka ndani.” Mke wangu akadakia kwamba Noah zina milango ya kusogeza. Hotuba ya Noah naijua kwa moyo. Ina viti saba, ina nafasi ya mkaa, na haigusi tuta.

Halafu masika ikaanza. Gari la V6 linalosukuma kwa nyuma, kwenye kilima cha udongo uliolowa, ni onyesho la bure kwa mtaa mzima. Nilikanyaga mafuta kidogo tu, mkia ukaenda kuwasalimia majirani wa upande wa kushoto. Nikarekebisha, ukaenda kuwasalimia wa kulia. Bajaji ikanipita. Vijana wanaosukuma magari wakajitokeza na mapanga na magunia matupu, na mmoja akainama dirishani kwa utulivu wa daktari: “Bosi, toa mguu. Bonyeza hicho cha snow.” Alikuwa anajua kitufe nilichokuwa sijawahi kukigusa. Kiliwekwa kwa ajili ya theluji, gari lianze kuondoka kwa upole lisiteleze. Nikakibonyeza, wakasukuma, farasi wakatembea kwa adabu mpaka juu. Nililipa elfu kumi, na kijana akaniahidi tutaonana kesho.

Mafuta ni habari nyingine. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nami huisubiri siku hiyo kwa makini kuliko mechi ya Simba na Yanga. Shida yangu kubwa ni pale sheli. Kijana wa pampu akiliona gari lilivyong'aa huja mbio: “Full, bosi?” Nami hushusha kioo nusu, nikamnong'oneza asisikie mwenye IST wa pampu ya pili: “Weka ya elfu ishirini.” Yeye huyarudia maneno yangu kwa sauti, kwa usahihi wa kazi.

Kwa fundi ni hesabu tu. “Plagi za IST ni nne, bosi,” huniambia akihesabu kwa vidole. “Za kwako...” Anaingia mkono wa pili. Nozeli sita, plagi sita, koili sita. Fundi wangu hajawahi kulisema vibaya gari langu. Analipenda karibu kama mimi.

Siku ya kumrudisha mama Iringa nilikuwa na shauku isiyoelezeka, kwani njiani kuna Mlima Kitonga. Lakini kabla ya Kitonga kuna kila kitu kingine. Kuna vibao vya 50 katika kila kijiji, na kuna tochi za trafiki. Crown limetulia mno, ukidhani uko 50 uko 70, kwa hiyo nilikuwa naukazia macho mshale kuliko barabara, na kila dereva aliyenikonyezea taa nilimwombea dua. Mikumi ikaja na matuta yake, na wazo la faini ya kumgonga mnyama likanifanya nimpishe hata nyani aliyekuwa ameketi pembeni kabisa, hana mpango wa kuvuka. Ruaha Mbuyuni mke wangu akaona vitunguu. Vikaingia magunia mawili, zawadi za ndugu. Nyuma ya gari ikaketi. Kuanzia hapo kila tuta lenye kimo niliwaomba abiria washuke, nilipitishe gari mshazari, kisha warudi ndani, mama akivutwa kwa utaratibu wake uleule. Basi moja lilipunguza mwendo, abiria wakatupiga picha.

Hatimaye Kitonga. Mbele yetu malori yanayoelekea Tunduma, yanapanda kwa mwendo wa mtu anayefikiri. Tukapanda nayo kona baada ya kona, dirisha limefungwa kwa ajili ya moshi. Tulipofika penye nafasi, dereva wa lori aliyeiona njia nzima akawasha indiketa ya kuniruhusu.

Nikakanyaga.

Gia zikashuka, ile ti-ti-ti ikamezwa na mvumo mzito, vitunguu vikakimbilia nyuma ya buti, na farasi wote 215, wakiwemo wale walala hoi wa Goba, wakaamka kwa mkupuo mmoja. Lori likabaki nyuma. La pili nalo likabaki nyuma. Zilikuwa sekunde chache tu, kisha nikatoa mguu na kurudi upande wangu. Ndani ya gari hakuna aliyekohoa. Mke wangu akaachia ule mpini wa juu ya mlango, kidole kimoja kimoja.

“Kumbe lina nguvu namna hii,” mama akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Na vitunguu vyote hivi. Na sisi watu watano.”

“Ndiyo, mama,” nikajibu, nimenyoosha mgongo.

Akawaza mpaka Ilula. “Basi baba, mwezi wa saba tukishavuna, usihangaike kunikodishia Fuso. Mahindi utakuja kuyachukua mwenyewe na hili hili.”

Mke wangu hajaitaja tena Noah. Siku hizi yeye ndiye anayewaambia wageni kwamba gari letu ni V6, akiniangalia kwa furaha ambayo siipendi. Nami nimemwagiza fundi anitafutie springi ngumu za nyuma. Aliniuliza ni ngapi. Nilipomwambia mbili, alisikitika waziwazi.