Yah: Pongezi kwa Haki Iliyosogezwa

Kwa Wizara ya Katiba na Sheria
Nakala: mkazi yeyote wa Kata ya Ngana, Kyela, mwenye shamba na mgogoro

Mgogoro wa shamba Ngana huanza na mche wa kakao uliopandwa hatua mbili ndani ya eneo la jirani. Kandokando ya Mto Songwe huhitajika mvua tu. Mto huo, uliofanywa mpaka na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, huhama njia ukifurika, na shamba lililolala Tanzania huweza kuamkia ng'ambo, Malawi. Mto wenyewe haujawahi kupelekewa samansi.

Hadi 2021 Baraza la Kata liliamua mashauri ya ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3. Wajumbe walimjua aliyepanda kila mgomba. Pengine walijua mno, kwa kuwa mmoja wao hakosi kuwa shemeji wa mdaiwa. Dawa ya ushemeji ikapatikana: Baraza likanyang'anywa uamuzi, likabaki kusuluhisha kwa siku 30. Likishindwa, hutoa cheti cha kushindwa, na mdai, tuseme ni mjane, hukibeba hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko hutakiwa maombi yaliyochapwa, na anayeyachapa steshenari ndiye huyohuyo anayeyatunga, kwa bei anayoijua mwenyewe. Nauli ya mashahidi ni juu ya mjane. Mashahidi hula pia.

Haki zake, hata hivyo, zimeandikwa vizuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Kumwambia hivyo ni kazi ya msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huyu hufundishwa, husajiliwa, kisha hukatazwa kufanya kazi ya wakili na kudai ada. Kwa hiyo humsindikiza mjane hadi mlangoni na kumtakia heri. Tangu 2023 ipo pia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, yenye mahema, vipaza sauti na mawakili wa bure. Wengi hupata nafuu ya kweli, hasa wale ambao migogoro yao ina adabu ya kuisha kabla mahema hayajakunjwa.

Lugha nayo imeshughulikiwa. Zamani hukumu za Baraza la Wilaya ziliandikwa Kiingereza. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kutoa haki. Mjane sasa anaelewa, neno kwa neno, kwamba maombi yake yametupwa kwa kasoro za kisheria.

Limebaki jambo la umbali. Mahakama inayotembea, ile ya kwenye magari, ilizinduliwa 2019 na kuanzia Dar es Salaam na Mwanza, mahali ambapo daladala hazikosekani. Ngana inaomba mwenyekiti wa Baraza la Wilaya akae kwenye kata walau siku mbili kwa mwezi, avue viatu, auone huo mche wa kakao, na amruhusu msaidizi wa kisheria aingie ndani.